Kuongoza Mazoezi ya Onyesho Moja

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anapokabidhiwa kwa mara ya kwanza onyesho la kuliongoza, akapewa waigizaji wawili au watatu na chumba cha darasa ambacho meza zake hazina budi kusogezwa ukutani, aghalabu hushikwa na tamaa ya kusimama mbele yao na kuwaonyesha kila kitu: namna ya kuingia, namna ya kugeuka, na namna ya kupaza sauti pale ambapo yeye mwenyewe, alipokuwa akisoma usiku, aliisikia sauti hiyo masikioni mwake. Nakusihi, msomaji uliye katika hali hiyo, uizuie tamaa hiyo mapema, kwani mwigizaji aliyeonyeshwa hujifunza kuiga umbo la ghadhabu bila ya kuijua sababu yake, na hadhira, hata ikiwa ni ya watoto wa shule, haichelewi kutambua tofauti baina ya mtu aliyekasirika na mtu aliyekunja uso. Kazi yako mazoezini ni kuuliza maswali yaliyo sawa kwa wakati ulio sawa, kisha kuwa na subira mpaka majibu yaje kwa vitendo. Na yote nitakayoyaeleza humu yamesimama juu ya itikadi hiyo moja.

Ili maneno yangu yasielee hewani, nimechagua onyesho ambalo wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wamelikuta vitabuni, nalo ni ugomvi wa Brutus na Cassius hemani karibu na mji wa Sardis, katika tendo la nne la tamthilia ya William Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963, kisha akairudia na kuisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Lina fadhila nyingi onyesho hili kwa mwanafunzi: kwa sehemu yake kubwa lina watu wawili tu, halihitaji mandhari ya gharama, wala hapana anayeuawa ndani yake, ingawa jambia linatolewa alani; na fauka ya hayo lina siri iliyofichwa, ambayo nitaifikia kwa wakati wake.

Kabla hujawaita waigizaji wako, isome tamthilia nzima, si onyesho lako peke yake, maana mtu asiyejua Kaizari aliuawa kwa hoja gani hawezi kujua kwa nini tuhuma ya rushwa ina makali makubwa kati ya wauaji wake. Kisha lisome onyesho lako kalamu mkononi, uandike upande mmoja wa karatasi mambo ambayo mwandishi ameyasema waziwazi, na upande wa pili mambo unayoyadhania wewe, wala usiruhusu pande hizo mbili zichanganyike. Konstantin Stanislavski, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji wake kuanzia hapo, kwenye hali ambazo mwandishi amekwisha kuzitoa, na sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo. Katika onyesho letu utaandika kwamba Brutus amemhukumu Lucius Pella kwa kupokea rushwa. Kwamba Cassius alimwandikia barua za kumwombea mtu huyo, na barua zake zikadharauliwa. Kwamba Brutus alipeleka ujumbe kuomba dhahabu ya kuwalipa askari wake, naye anaamini kwamba alinyimwa. Na kwamba Cassius anakana kuwa alimnyima. Utaandika pia jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulitazama, yaani kwamba muda mfupi kabla ya hapo Brutus amekataa kugombana mbele ya majeshi yao mawili, akaamuru watu wasogee mbali, na mlango wa hema ukawekewa walinzi.

Lizingatie hilo la mwisho. Kuta za hema ni nguo tu, na nje wapo askari ambao wakisikia majemadari wao wakitukanana watakwenda vitani na nyoyo zilizogawanyika. Maana yake ni kwamba ugomvi huu, ambao kila kundi la wanafunzi huanza kuupigia kelele tangu neno la kwanza, ni ugomvi wa watu wanaojaribu kutosikika; na sauti ikipanda, imepanda kwa sababu kizuizi kimevunjika, jambo ambalo haliwezi kutokea endapo kizuizi hakikuwapo tangu awali. Mwulize mwigizaji wa Cassius, "Nani yuko nje?" naye atakapolijibu swali hilo moyoni mwake, sauti yake itashuka yenyewe, na chumba kitakuwa na hatari ambayo kelele zote za dunia haziwezi kuileta.

Siku ya kwanza ya mazoezi kaeni chini, katika duara au kuzunguka meza moja, msome pasipo kuigiza. Utakutana hapo na maradhi ambayo yanatupata sisi kwa namna ya pekee. Wengi wetu tulianza kusimama mbele za watu katika mashairi ya shuleni na katika ngonjera, sanaa adhimu ambayo marehemu Mathias Mnyampala aliikuza na kuieneza, na sikio letu likazoea mapigo yake, sauti ikipanda katika nusu ya mshororo na kutua mwishoni, na mkono ukinyooka kuelekea hadhira kila penye neno zito. Ngonjera ina haki ya mapigo hayo, ila watu wawili walio hemani hawana, kwa kuwa kila mmoja anasema na mwenzake wala hasemi na umati. Tafsiri ya Mwalimu imetungwa kwa mistari ya ushairi usio na vina, na huo ni mtego wa pili, maana jicho linapoona mstari umekwisha, ulimi hutaka kupumzika hata kama fikra bado inaendelea. Dawa niliyoiona ikifaa ni kuwataka waigizaji wafunge vitabu baada ya kila kurasa mbili, wakaelezana yale yale kwa lugha yao ya kila siku, kama wangegombana kuhusu fedha za kodi ya chumba wanachoishi pamoja. Kisha wafungue vitabu na kuyasoma tena maneno ya mwandishi. Yule ambaye hakuweza kuyasema kwa lugha yake hajayafahamu, na hapo ndipo pa kusimama mkafafanua, hata kama saa nzima itapita.

Baada ya kufahamu maana, lifuate swali ambalo ndilo mhimili wa kazi yote: huyu anataka nini kwa yule, sasa hivi? Usikubali jibu la hali ya moyo. Mwigizaji akikuambia, "Nina hasira," au, "Nina uchungu," mshukuru kwa adabu, kisha mrejeze kwenye kitendo kinachomlenga mwenzake: je, unamwaibisha, unamtisha, unamchokoza, unamsihi, unamjaribu, unambembeleza? Hasira haiwezi kufanywa kwa kukusudia, ilhali kumwaibisha mtu kunaweza, na mwenye kumwaibisha mtu kwa bidii, akaona haaibiki, hasira humjia pasipo kuitwa. Cassius, kwa mfano, waigizaji hupenda kumfanya mjanja na mkorofi kwa sababu ndivyo alivyojulikana tangu mwanzo wa tamthilia, lakini ukiyafuata maneno yake katika onyesho hili utaona kwamba kila anachokisema, hata vitisho vyake, kinazunguka neno moja tu, kwamba rafiki yake hampendi tena. Anataka Brutus akane hilo. Hata pale anapotoa jambia na kufunua kifua chake, haombi kufa. Anamlazimisha Brutus achague mbele ya macho yake baina ya kumchoma na kumpenda, akijua au akitumaini kwamba la kwanza haliwezekani. Mwigizaji akilifahamu hilo, jambia halitakuwa la kuogofya wala la kuchekesha.

Brutus ni mgumu zaidi. Anamshutumu mwenzake kwa kuchuma fedha chafu, na papo hapo anamlaumu kwa kutompelekea sehemu ya fedha hizo hizo, akieleza kwamba yeye, kwa uadilifu wake, hawezi kuzitafuta kwa njia za aibu. Msomaji huuona upungufu huo mara moja. Brutus hauoni kabisa. Mwigizaji mwenye akili nyepesi hutaka kuidokezea hadhira kwamba naye ameuona, akaweka kitabasamu au kusita kidogo mahali hapo, na kwa kufanya hivyo humwua mtu anayemwigiza. Wewe uliye mwongozaji mwambie aseme kwa imani yote, kama mtu ambaye hajapata kuutilia shaka uadilifu wake tangu azaliwe. Hadhira iachiwe kazi yake.

Sasa nije kwenye siri. Ugomvi ukiisha, wawili hao wakapatana na divai ikaagizwa, ndipo Brutus anapotamka kwa maneno machache kwamba mkewe Portia amekufa, na kwamba alijiua mwenyewe kwa kumeza moto. Cassius anashangaa jinsi alivyosalimika asiuawe alipomchokoza mtu mwenye msiba wa namna hiyo. Fikiri maana ya jambo hili kwa mazoezi yako: wakati wote wa ugomvi, tangu neno la kwanza, Brutus alikuwa akijua, na Cassius hakujua, na hadhira haikujua. Kwa hiyo mwigizaji wa Brutus ana mzigo wa kubeba kwa muda wa onyesho zima bila ya kuuonyesha, na mwongozaji ana kazi ya kuhakikisha kwamba mzigo huo upo kweli, pasipo kuufunua.

Yafaa jambo hilo mlifanyie mazoezi mbali na maneno ya kitabu. Mchukue mwigizaji wa Brutus peke yake, siku moja kabla, mkae naye mkabuni pamoja ule wakati alipopokea habari: alikuwa amekaa au amesimama, nani aliyemletea, alifanya nini na mikono yake baada ya kusikia, ni kazi gani ya jeshi iliyomlazimu kuendelea dakika chache baadaye. Yasiandikwe hayo, wala mwenzake asiambiwe. Kisha siku ya pili waendeshe ugomvi kama kawaida. Nimeona kwa macho yangu jinsi jambo hili linavyobadili mtu: Brutus akawa anajibu upesi kupita kiasi pale alipozoea kungoja, akakwepa kumtazama mwenzake usoni alipotajiwa mapenzi, na baada ya mapatano akaomba divai kama mtu aombaye dawa; na mwigizaji wa Cassius, ambaye hakujua kilichobadilika, akaanza kumchunguza rafiki yake kwa wasiwasi wa kweli. Sikuwa nimewaambia waelekee upande wowote wala wafanye ishara yoyote.

Kuna uamuzi mmoja ambao hutaweza kuukwepa. Katika maandishi tuliyoyarithi, baada ya Brutus kumwambia Cassius habari ya Portia, anaingia Messala na kumletea habari ile ile, na Brutus anaipokea kana kwamba haijamfikia. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama mwandishi alikusudia habari itolewe mara mbili, au moja ya sehemu hizo ilisalia baada ya masahihisho. Kwa onyesho la darasani nakushauri uishie kwenye divai, kabla Messala hajaingia, kwa sababu kuipokea habari mara ya pili kunadai Brutus ambaye hadhira imekaa naye jioni nzima.

Mkisimama, chora kwa chaki sakafuni mipaka ya hema, mlango na mahali pa kukaa, na utumie vitu halisi vya kushikwa tangu siku hiyo ya kwanza, bakuli likiwa bakuli na jambia likiwa la mti lisilo na ncha, kwani mkono uliozoea kushika hewa hubabaika siku ya onyesho unapopewa kitu chenye uzito. Usiwapangie mwendo wao wote. Waache kwanza watembee wapendavyo, nawe ukae kimya na kutazama, kisha uondoe kila hatua isiyo na sababu. Utastaajabu kuona ni chache kiasi gani zinazobaki. Mwigizaji mchanga hutembea kwa sababu kusimama kunamtia aibu. Mwambie kwamba kila hatua anayomsogelea mwenzake ni neno na kila hatua anayomwepuka ni neno, naye asiseme neno ambalo hakulikusudia. Katika ugomvi huu, nafasi iliyo baina ya watu wawili ndiyo inayosimulia hadithi: wameanza mbali kama majemadari wawili, jambia linawaleta karibu kupita kiasi, na baada ya kupeana mikono, wakiwa wamekaa, mtu asiyejua lugha yao angeweza kuuona urafiki wao uliopona kwa kutazama tu namna magoti yao yanavyoelekeana.

Litakuja juma, na huja kwa kila kundi, ambalo maneno yamekwisha kukaririwa, mienendo imekwisha kukaa, na onyesho linaanza kufa. Kila mmoja anangoja zamu yake ya kusema, na macho yake yanaonyesha kwamba anayajua maneno ya mwenzake kabla hayajatoka. Maradhi haya ni ya kutosikiliza. Mimi hutumia dawa mbili. Ya kwanza ni kuwataka, kabla ya kusema neno lao, walirudie kwa sauti neno la mwisho la mwenzao lililowachoma, kisha ndipo wajibu. Mazoezi huwa marefu na ya kuchosha, lakini masikio yanafunguka. Ya pili naikopa kwa Bertolt Brecht, mtunzi wa Ujerumani, ambaye aliwazoeza waigizaji kuyasimulia maneno yao kama habari ya mtu mwingine iliyokwisha kupita, pamoja na maelezo ya jukwaani. Nasi tuliolelewa kwa hadithi za bibi hatuoni taabu kufanya hivyo: "Brutus akamgeukia, akamtazama kitambo, akamwambia hakumwogopa, ingawa mkono wake ulikuwa umekwisha kushika meza." Mwigizaji anaposimulia hivyo, hulazimika kuchagua alichokifanya mtu wake na kukitazama kwa nje, na mara nyingi katika kusimulia hugundua kitendo ambacho hakupata kukifikiri alipokuwa ndani ya maneno.

Si kila onyesho lina watu wawili wa kuchomana. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo mwandishi wake mwenyewe alitahadharisha kwamba shujaa wake ni kiumbe wa sanaa na asidhaniwe kuwa ndiye yule wa Ngarambe aliyeishi wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwishoni tunamkuta Kinjeketile kifungoni, akitakiwa akiri kwamba maji yalikuwa ya uongo, naye anakataa. Wanafunzi wanaopewa sehemu hii humfanya ahutubie taifa. Rudi kwenye swali lako: anataka nini, na kwa nani? Yeye mwenyewe amekwisha kusumbuliwa na shaka juu ya maji hayo, na anajua watu wangapi wamekufa kwa kuyaamini. Basi kukataa kwake si ukaidi wa mtu mwenye yakini. Anaona kwamba akikiri, watoto watakaozaliwa watafundishwa kuwa baba zao walikosea kupigana. Watu anaotaka kuwafikia hawamo chumbani, hawajazaliwa bado, na mwili wake umechoka kwa mateso. Mpe mwigizaji kazi hiyo, kusema na wasiokuwapo mbele ya mtu mmoja anayemshika kwa nguvu, halafu mkataze kuinua sauti kwa siku tatu za mazoezi. Siku ya nne mruhusu. Pengine hatataka tena.

Juu ya adabu yako na waigizaji nina machache, nayo nayashikilia sana. Usimsahihishe mtu mbele ya wageni. Ukiwa na mwigizaji aliyekuzidi umri, mwite kwa heshima ile ile unayompa nje ya mazoezi, dada au kaka, maana uongozi wa onyesho haukumpandisha mtu cheo cha ukoo. Penye kushikana, kukumbatiana au kupigana, waulize wote wawili kwa faragha kabla ya kuanza, mkubaliane mahali mkono utakapogusa na mahali usipogusa, na makubaliano hayo yasibadilishwe na mtu mmoja katikati ya jazba. Anza kwa saa uliyoitaja hata kama amefika mmoja. Maleba yawe mepesi, yaletwe mapema vya kutosha kwa viatu kuzoeleka.

Juma la mwisho endesheni onyesho zima kila siku pasipo kulikatiza, nawe uandike nukuu zako gizani na kuzitoa baadaye, chache, kila moja ikiwa swali. Asiyekumbuka neno asaidiwe na mwenzake aliye jukwaani, si na wewe, kwa sababu siku ya onyesho hutakuwa karibu. Na ile siku yenyewe, hata ukiona usiku kucha njia bora ya kumweka Cassius mlangoni, usiwaambie. Hakikisha jambia lipo mahali pake, divai ni maji ya rangi na bakuli halivuji, kisha nenda ukakae nyuma kabisa, penye watu wasiokujua, ukatazame pale wanapotazama wao, na uandike ni wapi walipokohoa.